Jinsi ya kujua kuku, kanga, kware au bata mzinga wako anaumwa nini, na umtibu vipi kabla banda zima halijaondoka

Ndege wengi wanakufa huku wameshanyweshwa dawa, tena dawa nzuri tu, ila sio ya ugonjwa walionao. Mtu anaona kuku kazubaa anakimbilia antibayotiki ya unga, anachanganya kwenye maji, siku tatu hamna nafuu anabadilisha anaweka nyingine, anaongeza na vitamini juu yake, kumbe ni kideri ambacho ni virusi na hakisikii antibayotiki yoyote, au ni koksidia ambayo ina dawa yake kabisa na ingeanza siku ya kwanza vifaranga wangepona. Kwahiyo hapa nitakaa sana kwenye kutambua, maana ukishajua unapambana na nini, kutibu kunakuwa kwepesi, na pale ambapo hakuna tiba unajua mapema unaacha kupoteza muda unawaokoa waliobaki.

Anza kwa kuangalia ukiwa mbali. Ndege anajificha akiumwa kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndo anayeliwa, na hili liko zaidi kwa kware, kwale, fezanti (ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu) na kanga ambao bado wana upori mwingi kuliko kuku. Ukiingia ghafla wote wanashtuka wanakimbia unasema wazima hawa. Simama nje ya banda dakika kadhaa asubuhi kabla hujaweka chakula, tulia, uone nani kajikunyata pembeni, nani kafumba macho, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, shingo imezama mabegani. Alafu weka chakula uone nani haji. Usiku wakishatulia rudi usikilize pumzi, mkoromo na chafya vinasikika vizuri sana gizani kuliko mchana wakiwa wanapiga kelele.

Baada ya hapo jiulize umri wao, wamekufa wangapi na kwa kasi gani, kinyesi kikoje, wanapumuaje, miguu na shingo vikoje, walichanjwa nini na lini, na kuna ndege mgeni ameingia hivi karibuni? Umri peke yake unakata nusu ya majina. Kifaranga wa wiki moja haumwi Mareksi, ule wa kupooza miguu, na kuku wa mwaka mzima sio wa kumfikiria Gumboro, ugonjwa wa virusi wa vifaranga.

Kinyesi nacho kina mtego wake. Kinyesi cha kawaida kina sehemu ya kahawia au kijani iliyoshikana na kofia nyeupe juu, hiyo nyeupe ni mkojo wa ndege, sio ugonjwa. Mara chache kwa siku ndege anatoa kinyesi laini cha kahawia kama uji mzito chenye harufu kali, hicho kinatoka kwenye vile vifuko viwili vya utumbo mkubwa na ni kizima kabisa, watu wengi wanakiona wanaanza kutibu kuhara ambako hakupo. Na kijani? Kijani kibichi kinaweza kumaanisha tu kwamba ndege hajala, utumbo uko mtupu inatoka nyongo. Kwahiyo usimwambie mtu ni kideri kwa sababu tu umeona kijani, angalia na vingine vyote.

Kuhara damu, yaani koksidia

Hii ndo naanza nayo kwa sababu inatibika na watu bado wanapoteza vifaranga kwa mamia. Inaletwa na vijidudu vidogo sana vinavyoishi ndani ya kuta za utumbo, kwa kuku kuna aina saba zinazojulikana zaidi na mbaya zaidi kwa damu ni ile inayokaa kwenye vifuko vya utumbo mkubwa. Inawapata hasa vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Unaona wamejikusanya kama wana baridi, upanga wa kichwani umepauka, hawali, manyoya yamesimama, na kwenye maranda kuna damu au kinyesi cha rangi ya matofali. Ukimpasua aliyekufa unakuta vile vifuko vimejaa damu. Ila kuna aina zingine za koksidia hazitoi damu kabisa, ndege anadumaa tu na kuharisha majimaji au makamasi, hizi zinapita bila kujulikana na mfugaji analaumu chakula.

Ndege anatoa mayai ya koksidia kwenye kinyesi, yakikuta joto na unyevu ndani ya siku moja au mbili yameshakomaa na yeyote atakayeyadonoa anaambukizwa. Ndo maana maranda yaliyoloa chini ya vyombo vya maji ni hatari kuliko kitu kingine chochote kwenye banda la vifaranga. Dawa nyingi za kuua vijidudu mnazopulizia hazifanyi kitu kwenye mayai haya, yana ganda gumu, kinachoyaua ni ukavu, joto kali na amonia. Nyanyua vyombo vya maji vifike usawa wa mgongo wa ndege, badilisha maranda yaliyolowana kila siku, geuza yaliyobaki yakauke.

Tiba ni amproliamu kwenye maji. Kama ni ile ya unga ya asilimia 20, kipimo cha kawaida ni gramu 0.6 kwa lita moja ya maji kwa siku 5 hadi 7, hali ikiwa mbaya unaenda gramu 1.2 kwa lita kwa siku 3 hadi 5 kisha unashusha hadi gramu 0.3 kwa wiki moja au mbili. Soma kibandiko maana kuna za nguvu tofauti. Nyingine ni toltrazurili ya maji ya asilimia 2.5, mililita 1 kwa lita kwa siku mbili mfululizo, hii inafanya kazi haraka. Dawa za salfa pia zinatibu lakini ukizidisha kipimo zinaumiza figo, tena kwenye joto ambapo ndege anakunywa sana ni rahisi kuzidisha.

Sasa shikeni hili: ukiwa unatoa amproliamu usiwape vitamini za kundi B kwa wakati huohuo. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1, kijidudu kinaimeza kikidhani ni chakula kinakufa njaa. Ukimwaga B1 kwenye maji yaleyale umekiokoa. Vitamini utawapa baada ya dozi kuisha, wakati huo vitamini A na K ndo zinasaidia sana kurudisha utumbo na kuzuia damu.

Na koksidia wa kuku hawamuingii bata mzinga wala kware, kila ndege ana wake, kwahiyo kanga akiharisha usiseme kaambukizwa na kuku kwa hili.

Kideri

Wengine wanaita mdondo. Kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1926 kisiwani Java na mji wa Newcastle kule Uingereza, ndo jina lake la kizungu lilipotoka. Kwa ndege ambao hawajachanjwa kinaweza kuondoka na karibu wote. Kinaingia mwilini na dalili zinatokea kati ya siku 2 na 15, mara nyingi siku 5 au 6. Unaona ghafla vifo vinaongezeka kila siku, wanahema kwa mdomo wazi, wanaharisha kijani, mayai yanashuka au yanatoka bila ganda, alafu wanaobaki hai wanapinda shingo, wanazunguka duara, wanatembea kinyumenyume, bawa moja linaning'inia. Mkusanyiko huo wa pumzi, kuhara na shingo kwa pamoja kwenye kundi lisilo na chanjo, fikiria kideri kwanza. Ukipasua unaweza kuona madoadoa ya damu kwenye tumbo dogo lililo kabla ya firigisi.

Tiba hakuna. Narudia, hakuna, hata ile mitishamba ya pilipili na aloe vera haiui virusi, inaweza kumfanya ndege anywe maji tu. Unachofanya ni kuwatenga, kuwapa maji safi yenye elektrolaiti (chumvi za kurudisha maji mwilini), na antibayotiki kama daktari wa mifugo ataona kuna bakteria wamepandia juu. Wale wazima wa banda lingine ambao bado hawajaguswa ndo wa kuwakimbiza kwenye chanjo. Bata wa kawaida na bata bukini wanaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, na njiwa wana aina yao ya kirusi hiki, njiwa anayepinda shingo na kunywa maji mengi msimruhusu kuja kula na kuku.

Chanjo ndo kila kitu hapa. Ile ya tone la jicho inayovumilia joto, I-2, tone moja jicho moja, unarudia kila baada ya miezi 3 au 4 maisha yote ya ndege. Zile za kwenye maji kama La Sota zinataka friji nyuzi 2 hadi 8, na hapo ndo wengi wanaharibu. Wanatumia maji ya bomba yenye klorini, chanjo inakufa kabla haijafika mdomoni. Tumia maji yasiyo na klorini, changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, wanyime maji saa moja au mbili kabla ili wawe na kiu, na hakikisha wanamaliza ndani ya masaa mawili. Ndege mgonjwa usimchanje, na usichanje siku ambayo jua ni kali saa saba mchana, fanya asubuhi au jioni.

Kama vifo ni vya ghafla sana, vichwa vimevimba, upanga na ndevu zimegeuka bluu au zambarau, miguu ina madoa ya damu chini ya ngozi, simama hapohapo. Hayo yanaweza kuwa mafua makali ya ndege na yanaingia kwa binadamu. Mwaka 1997 kule Hong Kong watu 18 waliambukizwa kirusi cha H5N1 na 6 wakafa. Usipasue, usimchinje akaliwa, usimsafirishe, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo na osha mikono. Kwa macho tu huwezi kuyatofautisha na kideri kikali, hata daktari anahitaji maabara.

Gumboro na wenzake wa virusi

Gumboro ni ya vifaranga wa wiki 3 hadi 6, ilipewa jina la sehemu huko Delaware, Marekani. Inashambulia kitezi kidogo kilicho karibu na tundu la haja kinachotengeneza kinga ya ndege, kwahiyo hata anayepona anabaki dhaifu, chanjo zingine hazishiki vizuri na magonjwa mengine yanampanda. Dalili ni kuhara majimaji meupe, manyoya ya nyuma machafu, kujidonoa tundu, kutetemeka, kulala kifudifudi. Vifo vinapanda kwa siku tatu nne alafu vinashuka ndani ya wiki, hiyo mwendo wa kupanda na kushuka ndo alama yake. Ukichuna ngozi ya mapaja na kifua unakuta michirizi ya damu kwenye nyama. Kwa kuwa umri wake ni uleule wa koksidia watu wanavichanganya kila siku, tofauti ni hiyo michirizi ya nyama dhidi ya damu ndani ya utumbo. Tiba yake hamna, ni maji mengi yenye elektrolaiti, joto la kutosha, na usiwamwagie salfa maana figo zao tayari zina hali mbaya. Kirusi kinakaa bandani miezi mingi, so kundi linalofuata lisipochanjwa litaumwa tena.

Ndui inajieleza yenyewe, vipele na magamba kwenye upanga, ndevu na kope. Inaletwa sana na mbu. Ile ya nje paka iodini au dawa ya bluu, mpe vitamini A, safisha macho kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, wiki 3 au 4 anapona. Shida ni ile ya ndani, utando wa njano mdomoni na kooni unaoziba pumzi, hao ndo wanakufa. Usibandue magamba kwa nguvu, unaacha kidonda na unamwaga virusi sakafuni. Chanjo yake inachomwa kwenye ngozi ya bawa kwa sindano yenye meno mawili, siku 7 hadi 10 baadaye kagua pale ulipochoma, ukikuta kauvimbe au kagamba imeshika, usipokuta rudia.

Mareksi, wengine wanasema mahepe, utaijua kwa mguu mmoja mbele mwingine nyuma, ndege kalala kama anapasua msamba. Inaonekana zaidi kuanzia wiki 12 hadi 24. Wengine jicho linageuka kijivu, wanakonda wakiwa wanakula. Ni virusi vinavyosambaa na vumbi la manyoya, tiba hakuna, na chanjo ni siku ya kwanza tu kwenye kituo cha kutotolesha, kwahiyo unaponunua vifaranga uliza hilo swali kabla ya bei. Ila kifaranga wa chini ya wiki tatu mwenye vidole vilivyojikunja ndani huyo sio Mareksi, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2 na anapona ukimuwahi. Na kifaranga anayerusha kichwa nyuma akiwa na wiki 2 hadi 5, wakati wenzake wazima na hamna kuhara wala kuhema, jaribu vitamini E na seleniamu na ubadilishe chakula kilichokaa sana, mafuta yaliyochacha yanaua vitamini E.

Mafua na vifua

Kwenye pumzi kuna majina matatu yanayochanganya. La kwanza ni ile mafua ya bakteria inayokuja haraka, siku 1 hadi 3 baada ya kukutana na mgonjwa, uso umevimba upande mmoja au yote, macho yamefunga, makamasi yanatoka na yananuka, harufu yake ukiisikia mara moja hutaisahau. Vifo sio vingi ila mayai yanashuka sana. La pili ni mikoplasma, hii inakuja polepole inakaa wiki na wiki, mkoromo, mapovu kwenye kona ya jicho, kukonda. Kwa bata mzinga inavimbisha chini ya macho hadi anakosa kuona chakula, na kwa fezanti hivyohivyo. Tena inapita kwenye yai, mama mgonjwa anatoa vifaranga wagonjwa. La tatu sio ugonjwa kabisa, ni amonia. Ukiingia bandani ukipiga magoti kwenye usawa wa ndege ukasikia macho yanakuwasha, hapo usitafute dawa, toa maranda ufungue madirisha.

Kwa mikoplasma tailosini inafanya kazi, gramu 0.5 ya dawa halisi kwa lita kwa siku 3 hadi 5. Mafua yenye harufu yanajibu vizuri kwa salfa iliyochanganywa na trimethoprimu, au erithromaisini, au oksitetrasaiklini. Lakini mjue waliopona wanabaki wabebaji, wataonekana wazima na wataambukiza kila mgeni utakayemleta. Kama kundi ni dogo na ni la kuku wa mayai wanaokaribia mwisho, mimi naona ni bora uwatoe wote pamoja kuliko kuchanganya na wapya.

Hapohapo angalia na mdomo. Vidonda vya njano vinavyofanana na jibini kwa njiwa na ndege wanaokula njiwa vinatokana na kijidudu kingine, na vidoa vidogo vyeupe kooni na macho yaliyogandamana kwa kuku wanaokula nafaka nyeupe tu bila majani wala mahindi ya njano, ni njaa ya vitamini A. Huyo ukimpa antibayotiki mwezi mzima haponi.

Taifodi na kipindupindu cha ndege

Homa ya matumbo, taifodi, inapita kwenye yai na kwenye kinyesi, ndege mkubwa anapauka upanga, anaharisha njano au kijani, anakufa, na ukipasua ini limevimba lina rangi ya shaba. Ndugu yake inayoua vifaranga wa chini ya wiki tatu inawafanya waharishe nyeupe inayogandamana kwenye tundu. Antibayotiki zinapunguza vifo, haziondoi ugonjwa, na mayai ya ndege hao usitotoleshe kabisa.

Kipindupindu cha ndege kinapenda wakubwa, zaidi ya wiki 16, na bata mzinga na bata wanakufa kirahisi kuliko kuku. Unaweza kukuta aliyenona kafa kwenye kiota bila dalili yoyote, wengine ndevu zimevimba joto. Panya nao wanakibeba, kwahiyo ukitibu kwa salfa au tetrasaiklini bila kuwaondoa panya utarudi kuitibu tena.

Kanga, kware, fezanti na bata mzinga wana ya kwao

Huku ndo kuna mambo ambayo vitabu vya kuku havigusi. Bata mzinga, fezanti, kwale na kanga wakichanganywa na kuku wanapata ugonjwa wa kichwa cheusi, kijidudu kinachokula ini na vifuko vya utumbo. Kinyesi kinakuwa cha njano kali, ndege anasinzia, anakonda, anakufa, na ini lina mabaka ya duara yaliyobonyea kama shabaha. Kijidudu hiki kinasafiri ndani ya mayai ya minyoo midogo ya kuku, minyoo ya ardhini inaimeza, ndege anaimeza minyoo ya ardhini, na kuku mwenyewe anakuwa mzima wa afya. Dawa zilizokuwa zinatibu zimepigwa marufuku nchi nyingi kwa ndege wa kuliwa. Kilichobaki ni kinga, bata mzinga asikae eneo walilokaa kuku, na dawa ya minyoo ipigwe kwa wakati. Najua wengi wanapenda kufuga wote uwanja mmoja unapendeza, ila kwa bata mzinga ni kumuua polepole.

Kware wana kuhara kwa vidonda vya utumbo, kunaletwa na bakteria, na ni hatari hasa kwa kware aina ya bobuwaiti. Wanatoa kinyesi cha majimaji meupe, wanajikunja mgongo, na kundi la wachanga linaweza kuisha lote ndani ya siku chache. Basitrasini ndo dawa inayojulikana, iwahi. Kware wa kwenye vizimba vya wavu, wasiokanyaga kinyesi chao, ugonjwa huu wanaupata kidogo sana.

Fezanti na kwale wanaopanua mdomo, wananyoosha shingo na kutikisa kichwa kama wana kitu kimewakaba, wana minyoo ya koo. Ni miekundu na dume na jike wameshikana muda wote hadi wanaonekana kama herufi Y. Wanatoka kwenye minyoo ya ardhini na konokono. Fenbendazoli au flubendazoli kwenye chakula inawaondoa, na uwanja uleule usitumike msimu hadi msimu.

Ukiona bata au fezanti shingo imelegea kabisa kama kamba, kope haziinuki, miguu imekufa ila hana kuhara wala homa, nenda katafute mzoga. Ni sumu ya bakteria wa kwenye mizoga, ndege anakula funza waliojaa sumu hiyo. Manyoya ya shingo yanang'oka kirahisi. Ondoa mzoga na matope yanayonuka, mpe maji safi kidogokidogo, weka kivulini, waliokula kidogo wanainuka baada ya siku kadhaa.

Na ombi langu kubwa kwa wenye bata mzinga na kanga: soma mfuko wa chakula. Chakula cha kuku wa nyama mara nyingi kimewekwa dawa ya kuzuia koksidia kama salinomaisini, kwa bata mzinga hiyo ni sumu, wanalegea miguu wanakufa wakiwa wameshiba. Hata kwa kuku wenyewe, dawa hizo zikikutana na tiamulini ya mafua zinaua. Mtu anasema ugonjwa umeingia, kumbe ni mfuko wa chakula na chupa ya dawa.

Wadudu wa nje na minyoo

Utitiri mwekundu unanyonya usiku unajificha mchana kwenye nyufa, so ukikagua ndege mchana huoni kitu. Nenda na tochi usiku, pitisha karatasi nyeupe chini ya fito za kulalia, ikitoka na madoa mekundu unao. Kutibu ndege bila kutibu nyufa ni kazi bure, na rudia baada ya siku 7 hivi maana mayai hayafi. Miguu yenye magamba yaliyonyanyuka ni utitiri wa miguu, loweka maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu, paka mafuta ya mgando mazito kila baada ya siku mbili tatu hadi magamba mapya yatoke. Viroboto vinavyoganda usoni na kwenye kope vibandue kwa mafuta hayohayo vikose pumzi, alafu chimba sakafu maana vinazaliwa kwenye vumbi.

Minyoo mikubwa ya utumbo piperazini inaiondoa, ila minyoo ya koo na ile midogo ya vifukoni haiigusi vizuri, hapo ni levamisoli au fenbendazoli. Ndege wa kutembea uwanjani wanahitaji dawa ya minyoo kila miezi mitatu hivi.

Kutoa dawa kwenyewe

Pima uzito wa maji wanayokunywa kwanza, siku moja bila dawa. Ndege anakunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, kwenye joto zaidi, na mgonjwa sana hanywi kabisa, huyo maji yenye dawa hayamsaidii mpe kwa mdomo au sindano. Changanya ya siku moja tu, asubuhi mwaga uchanganye mpya. Usipe maji mengine pembeni. Maliza siku zote hata wakichangamka siku ya pili. Na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa uheshimu, mayai na nyama ndani ya siku hizo havitakiwi kuliwa na mtu, watoto wako wala wateja wako.

Wagonjwa watenge mbali, wahudumie mwishoni baada ya wazima, viatu vya banda lao visitoke humo. Mgeni yeyote anayeingia kundini akae peke yake wiki 2 hadi 4. Waliokufa choma au fukia shimo refu, kutupa kichakani ni kumpelekea jirani. Na mgonjwa usimuuze, hata kama unajua atakufa, maana anaenda kuua banda la mwenzio ambaye naye anategemea hao hao.

Ukishindwa kutambua, peleka maabara. Chagua wawili watatu waliokufa muda huohuo au wagonjwa walio hai wenye dalili za wazi, sio yule aliyeoza tangu jana. Mfuko mara mbili, weka na barafu lakini usigandishe, kugandisha kunaharibu vipande wanavyovikagua. Andika kwenye karatasi umri, idadi ya kundi, vifo kwa kila siku, chanjo na tarehe zake, chakula gani, na dawa zote ulizokwisha kutoa hata zile unazoona aibu kuzitaja, kwa sababu antibayotiki ya jana inaweza kuficha bakteria wa leo kwenye kipimo. Kichwa kizima na utumbo viende, usimchune wala kumsafisha, na ufike nae siku hiyohiyo.